Umehamishiwa Nairobi? Chagua mtaa kwa siku ya mtoto

BARUA ya uhamisho huwa fupi. Inakutajia kituo kipya, cheo chako na tarehe ya kuripoti kazini. Haisemi mtoto atalala wapi, atasoma wapi, wala ni nani atakayemfungulia mlango akitoka shuleni kabla hujafika nyumbani. Hayo mwajiri amekuachia wewe na mwenzako, na aghalabu mna majuma mawili au matatu tu ya kuyatatua.

Msomaji, hii ni shida ya familia nyingi changa. Mwalimu ametolewa Bungoma, karani wa benki ametoka Nyeri, muuguzi ametoka Kilifi, na wote wameambiwa waje Nairobi. Kwa kuwa mishahara yao si ya kupangisha Kilimani wala Lavington, wengi wao huelekea Eastlands, upande ule wa mashariki ya jiji unaoanzia Muthurwa na Pumwani, ukafuata Barabara ya Jogoo hadi Buruburu, Umoja, Donholm na Kayole, kisha ukatandaa hadi Embakasi, Utawala na Ruai.

Mgeni hudhani Eastlands ni mahali pamoja. La hasha! Katika sensa ya mwaka wa 2019, Embakasi pekee ilihesabiwa watu 988,808, ilhali Makadara, yenye mitaa ya kale kama vile Jericho, Maringo na Kaloleni, ilikuwa na 189,536. Kuna mtaa ambapo mtoto ataweza kuendesha baiskeli uani, na kuna mwingine ambapo atalitazama jua kupitia nondo za roshani. Nauli kati ya mitaa hiyo miwili huenda isipitishe shilingi 20.

Kosa ambalo wengi hufanya ni kuuliza swali moja tu: kodi ni pesa ngapi? Rai yangu leo ni kwamba swali la kwanza liwe jingine. Mchukue yule aliye mdogo kabisa katika nyumba yenu, umfuate kwa mawazo tangu aamke hadi alale. Atakunywa maji gani? Atacheza wapi? Atabaki na nani? Atawaona wazazi wake saa ngapi? Mtaa unaoyajibu maswali haya vizuri ndio wenu, hata ikiwa si ule ambao jina lake linavuma.

MTAA ULIJENGEWA NANI?

Huenda ukaona historia haikuhusu wewe unayetafuta vyumba viwili tu. Lakini Eastlands kila mtaa ungali unaishi kwa namna ulivyokusudiwa.

Pumwani ndio mkongwe, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mahali pamoja. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika aje mjini akiwa kibarua mseja. Mke na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Ndiyo sababu nyumba nyingi za zamani katika upande huu zilikuwa za chumba kimoja, na vyoo na mabomba ya maji yakitumiwa na watu wote. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulikuwa na nafuu: ulipangwa kwa ajili ya familia, ukapewa ukumbi, kiwanja na nafasi ya miti kati ya nyumba.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Buruburu ilianza kujengwa mwaka wa 1973 kwa awamu, nyumba zikipangwa kuzunguka ua mmoja ambao wenyeji huuita korti. Mtoto akicheza kortini, macho ya akina mama kumi yanamwona. Umoja nao ulijengwa miaka ya 1970, nyumba ndogo ndogo za watu wa kipato cha chini, ingawa leo sehemu kubwa imegeuka kuwa magorofa. Dandora ilitokana na mradi wa Benki ya Dunia wa viwanja 6,000, ambapo mtu alipewa kiwanja, maji na choo, kisha akajijengea mwenyewe.

Halafu kuna mitaa iliyojengwa na watu binafsi kwa haraka: Pipeline, Tassia, sehemu za Kayole na Huruma. Huko magorofa saba, nane na zaidi yamesimama karibu kugusana. Kodi ni nafuu, maduka hayafungwi mapema, na kijana mmoja aliyeanza kazi ataishi vyema. Lakini mwenye mtoto wa miaka mitatu ataona upesi kwamba kiwanja hakuna na ngazi ndizo uwanja wa michezo.

Sisemi mitaa hiyo si ya watu. Watoto wengi wamelelewa humo wakawa watu wa maana. Nasema ujue unakoingia, usije ukashangaa baada ya kulipa.

HESABU YA KODI NA NAULI

Sasa tushike kalamu. Tuseme wewe na mwenzako mnafanya kazi katikati ya jiji. Umeonyeshwa nyumba Utawala kwa shilingi 14,000 na nyingine kama hiyo Donholm kwa shilingi 20,000. Haraka haraka unaona umeokoa shilingi 6,000.

Tuseme tena kwamba nauli ya Utawala inazidi ya Donholm kwa shilingi 50 kila safari. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni safari nne kwa siku, yaani shilingi 200. Kwa siku 24 za kazi hiyo ni shilingi 4,800. Ile akiba ya shilingi 6,000 sasa imebaki 1,200, na bado mvua haijanyesha. Mkazi yeyote wa Nairobi atakwambia nauli hupanda mara tu mawingu yanapofunga.

Isitoshe, kuna saa. Ikiwa safari ya mbali inakuongezea dakika 45 asubuhi na dakika 45 jioni, hiyo ni saa moja na nusu kwa siku. Kwa siku 24 ni saa 36, na hizo ni za kila mzazi. Kwa shilingi 1,200 mmeuza muda ambao mngemkuta mtoto akiwa macho. Wako wazazi wengi jijini wanaotoka mtoto amelala na kurudi mtoto amelala, hata siku ya Jumapili mtoto akaona haya kukaa na babake kama anavyoona haya mbele ya mgeni.

Hata hivyo, hesabu hii hugeuka kulingana na mahali pa kazi. Ukiwa umeajiriwa katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta au kando ya Barabara ya Mombasa, basi Fedha, Nyayo Embakasi na Utawala ndiko karibu, na kukaa Buruburu ni kujitafutia msongamano. Mwenye kazi Eneo la Viwanda atafaidika na Makadara, Jericho au Donholm, maana siku nauli ikipanda ataweza kutembea. Wa Ruiru ataona Barabara ya Eastern Bypass inamfaa, basi Utawala na Ruai si mbali kwake. Wa Kasarani na Barabara ya Thika atumie Barabara ya Outer Ring, hivyo atazame Kariobangi South, Umoja na Donholm.

Mwenye kazi Westlands, Upper Hill au Hospitali ya Kenyatta ajue kwamba atapanda matatu mbili: moja hadi mjini, nyingine kutoka mjini. Yeye asiende mbali na Barabara ya Jogoo, la sivyo mshahara wote utaishia kwa makanga.

Pia usisahau garimoshi. Treni za abiria za asubuhi na jioni husimama Makadara, na nauli yake haipandi kwa sababu ya mvua. Uliza ratiba kabla ya kulipia nyumba, kisha uipande siku moja uone inavyojaa.

MAJI, HEWA NA MENO YA MTOTO

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, na mitaa hupewa maji kwa zamu. Kampuni ya maji ya jiji hutoa ratiba ya kila eneo. Usimwulize mwenye nyumba kama kuna maji, kwa kuwa jibu ni lile lile. Mwulize mama mboga aliye langoni: "Mama, maji ya kaunti huja siku gani hapa?" Ukiona mikokoteni ya mitungi imejipanga mbele ya ploti kila asubuhi, jibu umelipata bila kuuliza.

Ploti nyingi za Embakasi na kandokando yake hutegemea visima virefu. Maji hayo ni mazuri kwa kufulia na kuoshea vyombo, ingawa sabuni hukataa kutoa povu yakiwa na chumvi. Shida ni kunywa. Visima vingi vya Nairobi vina madini ya floridi kupita kiwango kinachokubaliwa nchini cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Mtoto anayeyanywa katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayaondoki kwa mswaki.

Wazazi wengi hudhani kuchemsha maji kutasaidia. Kuchemsha huua viini vya magonjwa, lakini floridi haipungui. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi huzidi kukolea. Basi ikiwa nyumba ni ya kisima, tenga bajeti ya maji mengine ya mtoto ya kunywa na kupikia, na gharama hiyo uihesabu kama sehemu ya kodi.

Kuhusu hewa, jaa la taka la Dandora limekuwapo tangu miaka ya 1970, na moshi wake haujui mipaka ya mtaa. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichotambuliwa wakati huo. Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na dalili yake huonekana darasani baada ya miaka. Ukienda kuona nyumba Dandora, Kariobangi au Korogocho, simama nje jioni upate kujua upepo unavuma kutoka wapi.

JENGO LITASIMAMA?

Hapa, msomaji, naomba usinichoke. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa kando ya mto, na lilikuwa limeorodheshwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Waokoaji walimtoa mtoto mchanga akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu. Juni 2017 jengo jingine likaanguka Kware, karibu na Pipeline. Desemba 2019 ikawa Tassia. Wapangaji wa nyumba hizo hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotafuta kodi nafuu, kama wewe na mimi.

Basi kabla ya kupanda ngazi tazama ukuta wa nje. Majengo ambayo wakaguzi wa serikali wameyatilia shaka hupakwa alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu. Wako wenye nyumba ambao huipaka rangi juu, kwa hiyo ukiona kipande kimoja cha ukuta kimepakwa rangi mpya pekee yake, uliza kwa nini. Tazama nguzo za ghorofa ya chini kama zina nyufa. Tazama ukuta wa chooni na chini ya tangi la maji kama una unyevu usiokauka. Ukiona ghorofa mbili za juu zina matofali tofauti na zile za chini, ujue ziliongezwa baadaye.

Hesabu pia umbali wa mto. Katika mafuriko ya mwaka wa 2024 waliolala kando ya Mto Mathare, Mto Nairobi na Mto Ngong ndio waliopoteza mali na wengine maisha, na baada ya maji kupungua serikali ikaja kubomoa nyumba zilizosalia kingoni. Nyumba ya kando ya mto hupotea mara mbili.

Halafu uliza jirani ni nani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka mtaani Mradi, Embakasi, katika kituo kilichokuwa kikijaza mitungi bila kibali katikati ya makazi. Watu walikufa wakiwa majumbani mwao na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mpangaji hawezi kuizuia biashara ya jirani, lakini anaweza kulizunguka jengo kwa miguu kabla ya kutoa pesa, aone kama kuna bohari la gesi, gereji ya kuchomelea vyuma, au nyaya za umeme zinazopita juu ya paa. Hilo halihitaji mhandisi.

SHULE NA MLEZI

Kwa mwenye watoto wa shule, mitaa ya kale ina faida ambayo haionekani kwenye tangazo la nyumba. Ilipopangwa, ardhi ya shule ya umma, kiwanja na zahanati ilitengwa. Ndiyo sababu Buruburu, Jericho, Kaloleni na Umoja ya awali hazikosi shule za serikali ambazo mtoto anaweza kuzifikia kwa miguu. Mitaa iliyojengwa kiholela ina shule nyingi za watu binafsi, nyingine zikiwa ndani ya magorofa hayo hayo ya kupangisha. Kati ya hizo zipo zinazofundisha vizuri, ila karo itakayotozwa ni ya kila muhula na mtoto atafanya mazoezi ya viungo barabarani.

Nenda shuleni wewe mwenyewe kabla hujalipia nyumba. Elimu ya msingi ya umma ilifanywa bila malipo mwaka wa 2003, lakini hilo halimaanishi nafasi iko. Mwone mwalimu mkuu, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua kutoka shule ya zamani. Hesabu barabara ambazo mtoto atavuka. Barabara ya Outer Ring ina njia nyingi na magari ya kasi, na mtoto wa darasa la pili hafai kuivuka peke yake hata kama kuna daraja la miguu.

Kwa wanafunzi wakubwa, kuna maktaba mbili za umma ambazo wengi hawazijui: moja Kaloleni na nyingine Makadara, zote zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Kijana anayeishi nyumba ya chumba kimoja na wadogo zake wanne atapata huko meza, taa na kimya. Hilo pekee laweza kuwa sababu ya kuchagua Jericho au Maringo badala ya mtaa mpya wa mbali.

Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, swali ni mlezi. Kijijini kulikuwa na nyanya, shangazi na jirani aliyemjua mtoto tangu azaliwe. Hapa hao hawapo. Ukiweka yaya, je, nyumba ina nafasi ya yeye kulala kwa heshima? Ukitumia kituo cha kulelea watoto, kinafungwa saa ngapi? Vingi hutaka mtoto achukuliwe kabla ya giza. Mzazi anayetoka kazini saa kumi na moja na kukaa Utawala atachelewa kila siku, na anayelipa kwa kuchelewa huko ni mtoto aliyeketi mlangoni akiwa na mkoba mgongoni.

Hospitali nayo usiisahau. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, karibu na Umoja na Kayole, na ile ya uzazi ya Pumwani ni za umma. Mama mjamzito apime mwenyewe umbali wa usiku, wakati matatu hakuna.

NENDA MARA TATU

Usichukue nyumba uliyoiona mara moja, tena Jumamosi saa sita mchana, wakala akikuharakisha kwamba kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa. Wakala wa Nairobi daima ana mtu mwingine aliye njiani.

Nenda alfajiri, saa kumi na moja na nusu, usimame kituoni uone foleni ya matatu. Nenda jioni, saa moja, utembee kutoka kituoni hadi langoni ukitazama taa za barabarani na ukisikiliza baa na makanisa ya jirani, maana vyote viwili vina vipaza sauti. Nenda mara ya tatu baada ya mvua, uone tope na mitaro. Ikiwezekana, safari moja kati ya hizo uende na mwenzako.

Hili la mwenzako nalisisitiza. Wako mabwana wanaokodi nyumba peke yao, kisha wakamwita mke na watoto kama wageni. Mama ndiye aghalabu atakayepambana na jikoni lisilo na dirisha, kamba ya nguo iliyo juu ya ghorofa ya saba na bomba linalotoa maji usiku wa manane. Ataona kwa dakika tano mambo ambayo baba hangeyaona kwa mwezi mzima. Na ikiwa aliyehamishwa ni mke, mume naye aende akaone.

Ukiwa hapo, zungumza na mzee wa mtaa au kiongozi wa Nyumba Kumi. Muulize kama kuna habari yoyote ya ubomoaji au ujenzi mpya. Jijini mitaa ya kale ya kaunti inapangiwa kujengwa upya. Pangani ilibomolewa mwaka wa 2020, na wapangaji waliokaa huko miaka mingi wakahama. Hutaki kumbadilishia mtoto shule mara mbili kwa mwaka mmoja.

PESA NA KARATASI

Anza na mwajiri. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa, au amlipe pesa za kutosha kukodi. Angalia mkataba wako, maana mara nyingi huandikwa kwamba mshahara wako tayari umejumlisha pesa za nyumba. Uliza kama kuna marupurupu ya uhamisho. Ombi hili liandike kwa barua kabla ya kusafiri. Ukishafika na kujipanga, hakuna atakayekukumbuka.

Kumbuka kwamba mwezi wa kwanza nyumba hailipiwi kodi peke yake. Kuna dipoziti, aghalabu sawa na kodi ya mwezi mmoja, dipoziti ya maji na umeme, pengine ada ya wakala, na lori la kubeba vyombo. Nyumba ya shilingi 14,000 yaweza kukudai zaidi ya shilingi 30,000 kabla hujanunua hata pazia.

Usimtumie mtu pesa kwa simu ili akuwekee nyumba ambayo hujaingia. Usilipe kabla hujajua mwenye nyumba au kampuni inayoisimamia, na kila shilingi iwe na risiti. Andikeni mapatano: kodi ni kiasi gani, itapandishwa lini, dipoziti itarudishwa baada ya siku ngapi na kwa masharti gani. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, iliandikwa kwa nyumba za shilingi 2,500 kwa mwezi kwenda chini, kwa hiyo kwa mpangaji wa nyumba yenye choo ndani, karatasi mliyotia sahihi ndiyo kinga yake kubwa. Siku ya kuingia piga picha kuta, sinki na vioo, ili siku ya kutoka usidaiwe ulichokikuta kimevunjika. Angalia pia kama mita ya tokeni za umeme ni yako peke yako.

MJE PAMOJA AU MMOJA ATANGULIE?

Nimeliacha swali hili la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo zito. Wengi huamua baba atangulie, akae na nduguye au achukue chumba kimoja, na familia ifuate "mambo yakikaa sawa." Hakuna ubaya. Kumtoa mtoto shuleni katikati ya muhula ni kumsumbua, na miezi miwili ya kusoma mji kabla ya kuamua mtaa ni busara.

Ubaya uko katika maneno hayo, "yakikaa sawa." Nairobi mambo hayakai sawa. Kodi italipwa na nyingine itafuata, na bei ya unga itapanda na kushuka. Mwezi wa pili unakuwa wa sita, wa sita unakuwa mwaka, na chumba cha muda kinanunuliwa televisheni. Huku nyumbani mtoto anamjua baba kwa sauti ya simu na ujumbe wa pesa. Serikali ya kikoloni iliwatenganisha baba zetu na familia zao kwa sheria na kwa nyumba za chumba kimoja. Itakuwa ajabu sisi tufanye hivyo kwa hiari yetu.

Kwa hiyo mkikubaliana mmoja atangulie, wekeni tarehe. Iandikeni kwenye kalenda iliyo ukutani, mtoto aione na aweze kuhesabu siku zilizobaki. Tarehe ikifika, hameni hata kama nyumba mliyopata ni ndogo kuliko ile mliyotaka. Chumba kimoja cha kulala Jericho, wazazi wakifika saa kumi na mbili jioni, kinamlea mtoto vizuri kuliko vyumba vitatu vya mbali ambamo anakula chajio na yaya peke yake.

Na mkishahamia, siku ya kwanza mtoke nyote mkawasalimu majirani wa kulia na wa kushoto. Mwambie mtoto amjue mama mboga kwa jina, na mama mboga amjue mtoto ni wa nani. Hatua hiyo haina dipoziti.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia waliopokea barua wiki hii safari njema.